Nguvu za gari ziende sambamba na uwezo wake

Ni jambo lisilopingika kwamba vijana wengi hulipenda gari dogo lenye mbio. Tangu kampuni ya Volkswagen ilipotoa Golf GTI mwaka wa 1976, ikiwa na injini ya lita 1.6 na nguvu za farasi 110, hachibaki za aina hiyo zimesifiwa kwa kuwa hubeba familia asubuhi na kumburudisha dereva jioni. Sina ugomvi na mapenzi hayo. Ugomvi wangu ni na desturi ya kuliongezea gari nguvu bila kuuliza ni kiungo kipi kitakachozibeba.

Kazi yenyewe imekuwa rahisi mno. Katika gari lenye turbo, fundi hubadilisha programu ya kompyuta ya injini, turbo ikasukuma hewa nyingi zaidi, petroli nayo ikaongezwa. Golf GTI iliyotoka mwaka wa 2004 ilikuwa na nguvu ya kuzungusha ya niuton-mita 280. Programu mpya pekee huweza kuifikisha kwenye 350 hivi. Pistoni, konrodi na klachi hubaki zile zile.

Walimu wa fizikia wanaweza kuyaeleza haya ubaoni. Klachi ya kawaida haina meno. Hupitisha nguvu kwa msuguano tu, sahani yake ikiwa imebanwa kwa springi dhidi ya flaiwili. Uwezo wake hutegemea kani ya kubana, kiwango cha msuguano, ukubwa wa sahani na idadi ya nyuso zinazogusana. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachobadilika programu inapobadilishwa. Nguvu ikizidi uwezo huo, sahani huteleza. Kuteleza huzaa joto, na joto likipindukia hupunguza msuguano, sahani ikateleza zaidi. Dereva atasikia injini ikinguruma ilhali mwendo hauongezeki.

Zingatia mfano wa Polo GTI ya mwaka wa 2010. Injini yake ya lita 1.4 ilitoa niuton-mita 250. Giaboksi yake ya gia 7 na klachi mbili kavu, ijulikanayo kama DQ200, iliundwa kuhimili niuton-mita 250. Kwa hesabu za karatasi, hapana akiba yoyote. Anayeiongezea injini hiyo nguvu huanza kula mtaji siku ya kwanza.

Injini nayo ina mipaka yake. Hewa ikibanwa kupita kiasi, joto hupanda, na mchanganyiko wa petroli huweza kulipuka ovyo kabla moto wa plagi haujauenea. Milipuko hiyo hugonga pistoni kama nyundo na huweza kuipasua. Hatari huzidi ikiwa programu iliandikwa kwa petroli ya oktani 98, kisha gari likatiwa ya oktani ya chini. Aidha, wapo wanaoinua kikomo cha mizunguko. Kani inayoivuta konrodi huongezeka kwa mraba wa mizunguko: ukitoka 6,000 hadi 7,200 kwa dakika, ongezeko la asilimia 20, kani hiyo huongezeka kwa asilimia 44.

Isitoshe, Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa yake ni kama nne kwa tano ya ile ya Mombasa. Ili turbo ifikishe msukumo ule ule, sharti izunguke kwa kasi zaidi na kuzalisha joto zaidi. Programu iliyoandikiwa nchi tambarare za Ulaya huenda isiijali tofauti hiyo.

Watetezi wa mtindo huu husema kwamba watengenezaji huacha akiba ya nguvu kwa makusudi. Ni kweli, lakini akiba hiyo ina kazi: ni kinga ya siku ya joto kali, petroli duni, mlima mrefu na uzee. Magari mengi yaingiayo Kenya yamekwisha kutumika, na sheria huruhusu yenye umri wa hadi miaka 8. Mnunuzi hawezi kujua ni kiasi gani cha akiba kilichobaki.

Tena suala hili si la mfuko tu, ingawa klachi mpya huweza kumeza mshahara wa mwalimu wa miezi kadhaa. Klachi inayoteleza wakati dereva analipita lori kwenye mpando wa kutoka Naivasha kuelekea Limuru huhatarisha roho za watu ambao hawakushauriwa.

Kwa maoni yangu, anayetaka nguvu aanze na viungo vinavyozibeba: klachi imara zaidi, breki bora, oili safi, na mkandamizo wa kila silinda upimwe kwanza. Aijulishe pia kampuni ya bima. Programu iwe ya mwisho, tena ya kiasi. Asiyemudu hayo aliache gari lilivyo.

Nawasihi walimu wayapeleke mambo haya darasani. Mwanafunzi aliyepiga hesabu ya klachi kwa mkono wake hatadanganywa kwa urahisi gereji. Wahenga walinena kwamba ngoma ivumayo sana hupasuka. Kazi ya shule ni kuonyesha itapasukia wapi.