Unga Ukitoka, Jino Linaamka

Mtu akivuka wiki ya kwanza bila unga, yaani heroini, nyumba nzima hushusha pumzi. Kutapika kumekoma, kuhara kumekoma, miayo na makamasi vimepungua. Arosto, yale mateso ya kuukosa unga, ambayo huanza saa 8 hadi 12 hivi baada ya kete ya mwisho na kupamba moto siku ya pili au ya tatu, imepita. Ndipo jino linapoamka.

Lilioza zamani, ila mwenyewe hakulisikia. Heroini ni ndugu wa mofini, dawa ambayo hospitali huwapa wenye maumivu makali. Kila kete ilikuwa pia dawa ya jino, ya kidonda cha mguuni, ya jipu pale alipojidunga. Unga ukitoka, kila kiungo kinadai chake, tena kwa sauti kubwa, maana mwili uliotulizwa hivyo kwa miaka huwa mwepesi wa kuhisi maumivu kuliko wa mtu mwingine. Usiku wa manane, usingizi hauji, taya linapwita, naye anaijua dawa moja tu isiyomwangusha na anajua inauzwa wapi.

Wengi tunampokea anayeacha unga kwa mawaidha, dua na kufuli mlangoni. Mawaidha na dua sivikatai hata kidogo. Kinachoniuma ni kwamba ni wachache mno wanaompeleka kwa daktari wa meno.

Kifua nacho hudanganya. Heroini hutuliza kikohozi, hivyo mwenye kifua kikuu anaweza kukaa muda mrefu bila mtu kumshuku. Akiacha, anaanza kukohoa, na watu husema ni sumu ya unga inatoka. Si sumu. Apimwe makohozi.

Akikutwa na kifua kikuu huku anatumia methadoni, kuna jambo ambalo familia inapaswa kulijua. Methadoni, dawa ya kumtibu anayeacha unga, iliyoanza kutolewa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, kwa kawaida hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, kikombe kidogo dirishani, na huzuia arosto hadi kesho yake. Lakini rifampisini, kidonge muhimu cha kifua kikuu, hulichochea ini kuivunja methadoni upesi. Dozi iliyomtosha jana, leo inaisha kabla ya usiku. Anatetemeka, anatoka jasho, na nyumbani wanasema ameanza tena. Hajaanza, dozi yake inatakiwa kupandishwa na daktari, na matibabu ya kifua kikuu yakiisha ishushwe kwa uangalizi, maana iliyozidi huua. Efavirenzi ya VVU nayo hufanya hivyohivyo.

Kwa wanawake, heroini mara nyingi husimamisha hedhi. Mwili ukipata nafuu uzazi hurudi, na mimba inaweza kutangulia hedhi ya kwanza. Azungumze na mkunga mapema.

Chakula na mazoezi vina kazi yake. Methadoni hufunga choo, kwa hiyo papai, mboga za majani na maji mengi visikosekane. Matembezi ya asubuhi hayaondoi arosto, ila humsaidia kulala, na usingizi ndio huchelewa kurudi kuliko vyote, wakati mwingine wiki kadhaa.

Turudi kwenye jino. Baada ya siku chache tu za kuacha, mwili huanza kusahau mazoea ya unga. Kiasi kilekile alichokuwa akikimudu mwezi uliopita kinaweza kumkata pumzi. Anayerudi kijiweni usiku mmoja kwa sababu ya taya anaweza asiamke.

Basi aende kung'oa au kuziba, na amwambie daktari ukweli wote. Ganzi hutumika kama kwa mtu yeyote. Methadoni aendelee nayo, ingawa haitoshi kutuliza jino. Parasetamo na ibuprofeni mara nyingi hutosha. Tramadoli, ambayo ni ya ukoo uleule wa heroini, asiandikiwe kwa mazoea.