Mashine ya Sauti Isiyosikika

Mama mmoja wa darasa letu, mchuma chai huko Mufindi, alishindwa kuinua mkono wa kulia. Hata kujitwika ndoo ya maji ilikuwa kazi. Hospitali wakampeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Aliporudi alituuliza, "Mwalimu, mbona wamenipitishia begani mashine ya wajawazito? Kwani mimi nina mimba?"

Darasa zima tulicheka, na yeye akacheka. Lakini swali lake ni zuri.

Mashine hizo mbili ni ndugu. Ile ya wajawazito hutoa picha, hii ya viungo hutibu. Zote hutumia altrasaundi, yaani sauti nyembamba mno ambayo sikio la mtu haliisikii. Popo wengi hutoa sauti ya namna hiyo wanaporuka gizani. Sikio letu hufika kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde moja, basi. Mashine ya viungo hutoa milioni 1 hadi milioni 3!

Mitetemo hiyo inatoka wapi? Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba mawe fulani yakibanwa hutoa umeme. Katika mashine hii kazi imegeuzwa. Umeme unaingia kwenye kipande kidogo chenye tabia hiyo, nacho kinatetemeka.

Mtaalamu hupaka ngozi jeli, maana hewa huzuia mitetemo isipite. Kisha huzungusha kichwa cha mashine polepole kwa dakika 5 hadi 10. Hakisimamishi mahali pamoja, kwa sababu nyama ya ndani inaweza kuungua. Ukisikia joto kali au maumivu, sema hapo hapo. Usivumilie eti kwa heshima. Mweleze pia mapema kama una mimba, una kansa, una damu iliyoganda mguuni, au kama mahali hapo pana ganzi.

Je, inaponya? Hapa tuseme kweli. Wataalamu walifanya majaribio kwa watu walioteguka kifundo cha mguu. Wengine walitibiwa kwa mashine iliyowashwa, wengine iliyozimwa, bila wao kujua. Tofauti ya kupona ilikuwa ndogo sana. Kwa maumivu ya mgongo, yale yanayowasumbua wabeba magunia ya viazi kule Mbeya, nako hakujapatikana ushahidi wa nguvu. Mashine inaweza kumpa mtu nafuu, lakini kazi kubwa hufanywa na mazoezi.

Na hapo ndipo mama yetu alipokwama. Nauli ya kwenda mjini kufuata mashine aliitafuta, hata kuku aliuza. Mazoezi aliyoonyeshwa, ambayo hayana bei, hakuyafanya. "Yale ni michezo ya watoto," alisema. Tukamwomba atuonyeshe.

Alisimama akiutazama ukuta wa darasa. Akatambaza vidole ukutani kidogo kidogo kwenda juu, mpaka bega likakataa. Tukachora alama ya chaki pale vidole vilipofika, naye akaandika tarehe kando yake kwa mkono wake mwenyewe. Siku hizi akija darasani huanzia ukutani kabla ya kukaa. Tarehe zimekuwa sita, na ile ya mwisho iko juu ya kichwa chake.