Fomu zilikuwa wazi, jumla haikuwapo

Agosti 2022, tume ya uchaguzi ya Kenya, IEBC, iliweka mtandaoni picha za Fomu 34A za vituo vya kura, vilivyozidi 46,000. Mwenye simu na bando aliweza kufungua fomu ya kituo chake akaona kura za urais zilivyoandikwa kwa kalamu, pamoja na saini za mawakala. Mimi ni mwalimu wa hisabati Mombasa. Usiku wa kwanza nilikaa na mtoto wa ndugu yangu tukajumlisha fomu za wadi yetu kwenye daftari. Nyingine zilipigwa picha kona imekunjwa, na kuna msimamizi aliyekata 7 zake mstari katikati, kama tulivyofundishwa zamani. Zilisomeka.

Lakini tume haikuweka jumla inayopanda kando ya fomu hizo. Vituo vya televisheni vikajumlisha kila kimoja kivyake. Kwa kuwa havikuanza na fomu zilezile, huku Raila Odinga akaonekana anaongoza, kule William Ruto. Mtazamaji wa televisheni angalau alisikia mtangazaji akieleza. Picha ya skrini ikishatua kwenye kundi la WhatsApp la familia haina wa kuieleza, na kila upande ulituma iliyoupendeza.

Yule mtoto wa ndugu yangu akamwandikia ami yake kundini kwa heshima: "Ami, shikamoo. Hiyo hesabu ni ya saa ngapi?"

Akajibiwa: "Kwani wewe siku hizi uko upande gani?"

Jibu hilo linaniuma hadi leo, maana swali lilikuwa zuri.

Sisemi hasira hiyo ilizaliwa na simu. Siasa zetu zilikuwa na makundi kabla ya intaneti. Ila kuna waliokuwa wakiichochea. Nyaraka alizozitoa Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, zilionyesha mwaka 2021 kwamba kuanzia 2017 alama ya hasira ilihesabiwa mara 5 ya alama ya kupenda pale kampuni ilipopanga kipi kitangulie machoni pa watu. Iliondolewa uzito huo miaka mitatu baadaye. WhatsApp haina mpangaji wa aina hiyo. Huko tunasukumiana wenyewe, na kinachotoka kwa shangazi huaminiwa kuliko gazeti.

Ruto alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila, na makamishna 4 kati ya 7 wakayakana matokeo. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, fomu za karatasi zililinganishwa na zile za mtandaoni, pasipatikane tofauti ya maana. Septemba 5 majaji wote waliidhinisha ushindi huo. Kwenye kundi letu, picha zilizosambaa zaidi bado zilikuwa zile za usiku wa kwanza.

Ninachokidai kwa uchaguzi wa 2027 kinawezekana: jumla ya tume yenyewe kando ya fomu, kaunti kwa kaunti, na juu ya kila jumla iandikwe saa ilipopigwa na idadi ya vituo ambavyo fomu zake hazijafika.