Je, Wajua? Treni ya kasi huenda isikufikishe mapema

Treni ya Heathrow Express hutumia takriban dakika 15 tu kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow hadi stesheni ya Paddington, lakini Paddington iko magharibi ya kitovu cha London. Anayekwenda Soho au Liverpool Street hulazimika kubadili treni, mizigo mkononi. Reli ya Elizabeth, iliyofunguliwa mwaka 2022, husimama vituo vingi zaidi, ila hupita moja kwa moja chini ya jiji, na nauli yake ni ndogo kuliko ya Express inayolipwa siku ya safari. Watasema Express ina nafasi ya masanduku. Ni kweli, na anayelala Paddington aipande. Wengine, hasa wenye watoto na wazee, wahesabu muda hadi mlangoni. Asiye na haraka ana reli ya chini ya ardhi ya Piccadilly, iliyofika Heathrow mwaka 1977, nafuu kuliko zote mbili.