Munganga anajua dawa, mgonjwa anajua siku yake

Siku moja, kisha kuhesabu pesa za likelemba, hatukutawanyika upesi. Tulibaki kwenye viti tukizungumza juu ya magonjwa ambayo mtu anaishi nayo miaka na miaka: tansio, ugonjwa wa sukari, pumu, kifafa. Ndipo mama mmoja wa kwetu, anayeuza maharagi na ndizi katika soko la Kadutu hapa Bukavu, akatuambia jambo ambalo kwa miezi saba hakuthubutu kumwambia munganga wake.

Ana tansio. Munganga alimwandikia dawa ya kukojoza, kidonge kimoja kila asubuhi. Dawa hiyo ni nzuri, tena ni ya bei ndogo, na inatolewa asubuhi ili mtu asiamke amke usiku. Lakini kwa muuzaji, asubuhi ndiyo saa ya wateja. Choo kiko mbali, kinalipwa, na ukiacha meza hakuna wa kulinda mali. Basi mama akaanza kumeza kidonge Jumapili tu. Kila aliporudi kupimwa, tansio ilikuwa juu, 17 kwa 10. Munganga akauliza: "Mama, unameza dawa?" Mama akajibu: "Ndiyo, munganga." Munganga akaongeza kidonge cha pili. Hicho nacho kikabaki ndani ya mfuko.

Tulicheka kidogo, kisha tukanyamaza, kwa kuwa wengi wetu tulijiona humo. Tansio mara nyingi haiumi. Mtu anaweza kutembea nayo miaka bila kusikia kitu, huku inaharibu moyo, figo na macho, mpaka siku moja anapooza upande. Miezi saba ya "ndiyo, munganga" si mchezo.

Kwa nini tunanyamaza

Tuliulizana sababu. Mmoja alisema ni heshima: munganga amesoma, mimi nitamfundisha nini? Mwingine alisema ni woga wa kugombezwa mbele ya watu. Wa tatu alisema ni haya, kwa kuwa sababu ya kweli ni pesa: anaandikiwa dawa ya mwezi, ananunua ya siku kumi. Na mama mzee mmoja alisema wazi: "Munganga akiniuliza mimi naonaje, nitajua kwamba hajui kazi yake." Hayo mawazo tusiyadharau. Tulilelewa hivyo: kwa munganga unaenda kupewa, hauendi kushauriana.

Lakini kuna upande wa pili. Kati yetu kuna muuguzi, naye alitueleza jinsi asubuhi inavyokuwa kwao. Watu wamejaa kwenye benchi, munganga ni mmoja, kila mgonjwa anapata dakika chache. "Mgonjwa akisema hakumeza, sisi nasi tunakasirika," alisema. "Tunaona ametupotezea kazi. Hatuulizi kwa nini." Aliongeza kwamba waganga wengine wanaogopa kwamba wakimpa mgonjwa nafasi ya kuchagua, atachagua majani ya njiani. Kwa hiyo wanaamuru, na mgonjwa anaitika, na kila mmoja anarudi kwake akiwa na siri.

Kuamua pamoja ni nini

Jambo hili si la Bukavu peke yake. Mwaka 1997, watafiti watatu wa Kanada, Cathy Charles, Amiram Gafni na Tim Whelan, waliandika kwamba ili uamuzi wa matibabu uwe wa pamoja, ni lazima wawe angalau watu wawili, mgonjwa na munganga. Wote wawili wapashane habari. Wote watafute njia ya kupatana. Na mwisho wakubaliane juu ya matibabu. Angalieni neno "wote". Munganga aeleze ugonjwa na dawa. Mgonjwa naye aeleze maisha yake, kwa maana hakuna kitabu cha waganga kinachosema choo cha soko kiko wapi.

Kwa ugonjwa wa siku chache, kama malaria, pengine amri inatosha. Kwa ugonjwa wa maisha yote, munganga anakuona mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote wewe ndiwe unayejitunza. Unapika wewe, unanunua wewe, unameza wewe.

Tuchukue mfano wa sukari. Hapa kwetu wagonjwa wengi wanapewa glibenklamidi au metformini. Glibenklamidi inashusha sukari hata kama tumbo ni tupu. Mama anayekula mara moja tu, jioni, akiimeza asubuhi bila chakula, anaweza kutoka jasho, kutetemeka, hata kuzimia. Metformini peke yake haishushi sukari kwa kiasi hicho, lakini inaweza kusumbua tumbo, ndiyo maana inamezwa pamoja na chakula na mara nyingi inaanzishwa kidogo kidogo. Basi ulizo "kwako mnakula mara ngapi kwa siku?" ni ulizo la dawa kabisa. Munganga asipoliuliza, lijibu hata hivyo. Si aibu. Vilevile ukitaka kufunga na kuomba, sema kabla ya kuanza mfungo, usingoje kuanguka kanisani.

Wamama vijana nao wasikie. Ukiwa unatumia dawa ya tansio na una mimba, au unatafuta mimba, mwambie munganga mapema. Kuna dawa, kama enalaprili na kaptoprili, zinazoweza kumdhuru mtoto tumboni, na ziko nyingine za kuzibadilisha.

Pasipo na nafasi ya kuchagua

Tusidanganyane. Kuamua pamoja hakumaanishi kwamba kila kitu ni cha kuchagua. Mtoto mwenye sukari ya utotoni hawezi kuishi bila insulini. Hapo mashauri ni juu ya saa, chakula na mahali pa kuihifadhi isiharibike kwa joto. Mtu aliyepooza ghafula au aliyezimia apelekwe haraka, mashauri yatakuja baadaye. Na yule mama mzee, kama anataka munganga aamue, ni haki yake pia. Ila hata yeye anapaswa kusema ukweli wa namna anavyomeza, la sivyo munganga anaamua katika giza.

Maulizo ya kubeba

Tulikubaliana maulizo manne ambayo kila mmoja anaweza kuyaandika nyuma ya fishi yake:

Kuna njia ngapi za kutibu ugonjwa wangu, na itakuwaje nisipofanya kitu? Dawa hii itanisaidia nini, na inaweza kunisumbua namna gani? Bei yake kwa mwezi ni ngapi, na kuna nyingine ya bei ndogo inayofanya kazi hiyo? Nikishindwa kuimeza kama ulivyosema, nifanye nini?

Na kabla ya maulizo, sema sentensi moja ya kweli: "Munganga, dawa hii simezi sawasawa, na sababu ni hii." Ukiogopa, nenda na mwenzako. Bwana akikusindikiza, vizuri, lakini wewe ndiwe mgonjwa, wewe ndiwe wa kusema. Zaidi ya yote, usiache dawa kimya kimya, wala usikope vidonge vya jirani.

Yule mama wa Kadutu alirudi hospitali na mmoja wetu. Munganga alinyamaza kidogo, akauliza: "Kwa nini hukuniambia?" Kisha akaacha dawa ya kukojoza, akamwandikia amlodipini, kidonge kimoja kwa siku, akimwonya kwamba miguu inaweza kuvimba. Wakapatana arudi kisha majuma manne. Amerudi: miguu ilivimba kidogo, na tansio ni 15 kwa 9. Haijawa sawa. Lakini safari hii munganga alipopima, alipima mtu aliyemeza dawa, na wote wawili walijua wanaanzia wapi.

Kwa mkutano ujao, kila mwenye fishi aje nayo. Wanaojua kusoma watakaa na wasiojua, tuandike yale maulizo manne pamoja.