Rejista ya Kompyuta Ufukweni mwa Ziwa Turkana

Mimi ni fundi wa kompyuta, makazi yangu Lodwar. Kazi inayonipeleka mbali zaidi ni kufunga mifumo ya rekodi za wagonjwa katika zahanati za kaskazini. Ukielekea zahanati ya Nariokotome unapita Kataboi na laga nyingi za mchanga, yaani mito ya msimu, ziwa likiwa kulia kwako. Kila kitu lazima kitoke Lodwar kikiwa ndani ya gari: laptopu, ruta, kebo, betri ya sola, na programu yenyewe ikiwa kwenye flashi, kwa maana kuipakua ukiwa kule ni kujitafutia taabu.

Programu ninayoifunga ni OpenMRS. Ni programu huria: huilipii, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma au kuubadilisha. Historia yake iko karibu nasi. Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia rejista ya kompyuta. Mpango wa AMPATH wa kutibu wenye virusi vya Ukimwi ulipopanuka, rejista ile ikaelemewa. Ndipo mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich, madaktari kutoka Indiana, Marekani, wakaanza kubuni mfumo mwingine, wakashirikiana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health. Februari 2006 ukaanza kazi Eldoret. KenyaEMR, inayotumiwa katika kliniki nyingi za Ukimwi nchini, imejengwa juu ya msingi huohuo. Kwa hiyo mtu akiniambia haya ni mambo ya wageni, namkatalia. Mfumo huu umelelewa Kenya.

Kuusakinisha hakusumbui sana. Kompyuta moja inahitaji MySQL, ambayo ndiyo hifadhidata inayotunza majedwali yote, inahitaji Java, na inahitaji Tomcat, inayopokea maombi ya brauza na kurudisha kurasa. Unaweka faili ya OpenMRS katika folda ya Tomcat, unafungua brauza, na programu yenyewe inakuuliza nywila ya hifadhidata kisha inaunda majedwali. Ruta ikiwashwa, nesi aliye chumba cha pili anaingia kwenye mfumo kwa tableti bila intaneti yoyote. Napendelea laptopu kuwa seva kuliko kompyuta ya mezani, kwa sababu sola ikikatika ina betri yake. Asubuhi moja inatosha kwa haya yote, na wapo mafundi wanaofunga begi hapo na kuondoka. Wanaacha nyumba isiyo na kitu ndani.

Kazi hasa ni kuutayarisha mfumo kwa watu wa pale. Ndani ya OpenMRS, kila kinachopimwa au kuulizwa huandikishwa kwanza katika kamusi ya mfumo, kisha kila kipimo huingia kama mstari mmoja: ni cha nani, kilipimwa lini, ni cha nini, kiasi gani. Zahanati ikitaka kuuliza jambo jipya, unaongeza neno kwenye kamusi bila kubomoa programu. Lakini kamusi ikikosewa, ripoti zote zimekosewa.

Chukua utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa mtoto. Kiangazi kikikaza Turkana, huo ndio unaoonyesha nani aanzishiwe matibabu ya utapiamlo. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Sasa nesi mmoja anaandika 11.5, mwenzake anaandika 115 kwa milimita, na kompyuta haijui tofauti. Niliketi na manesi tukakubaliana kutumia sentimita, nikaweka kikomo cha chini 5 na cha juu 30. Nesi mmoja akaandika 115 makusudi. Mfumo ukakataa kuhifadhi. Kwangu mimi, dakika ile ina thamani kuliko usakinishaji wote wa asubuhi.

Halafu kuna majina. Watoto waliozaliwa wakati wa mvua ni kina Ekiru, Lokiru, Akiru na Nakiru, na kwenye foleni moja wanaweza kuwa watatu wenye jina moja. Tarehe za kuzaliwa nazo ni shida. "Mama, huyu alizaliwa lini?" nesi anauliza. "Ule mwaka wa kiangazi, mbuzi walipokwisha." Nesi anaandika 2011 na kutia alama kwamba ni makadirio. OpenMRS ina nafasi ya jambo hilo, na kila mhudumu afundishwe kuitumia badala ya kubuni siku na mwezi.

Kinachomtambulisha mgonjwa, basi, ni nambari. Mifupa ya yule kijana aliyeishi miaka ipatayo milioni 1.5 iliyopita, iliyogunduliwa na mtafuta visukuku Kamoya Kimeu hapahapa Nariokotome mwaka 1984, inajulikana kwa nambari KNM-WT 15000, na nambari hiyo ni yake peke yake. Mtoto aliye hai anastahili yake pia. Nambari za OpenMRS hazitumii herufi B, I, O, Q, S na Z, ambazo kwa mwandiko wa mkono hufanana na tarakimu au herufi nyingine, na alama ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia, hivi kwamba ukikosea moja mfumo unakushtua. Tunaiandika kwenye kadi ya mama, kwa sababu familia huhama na mifugo, na seva ya Nariokotome haizungumzi na hospitali ya Lodwar wala kliniki ya Kakuma mpaka mtu aziunganishe.

Kisha kuna nakala ya akiba: siondoki kabla ya nesi mwenyewe kunakili hifadhidata kwenye flashi na kuifungua upya katika laptopu nyingine, mbele ya macho yangu, mpaka jina la mgonjwa wa leo lionekane.

Jambo la mwisho ni nywila. OpenMRS huja na jina "admin" na nywila "Admin123", na dunia nzima inazijua. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, tena ndani yake mna hali ya Ukimwi ya jirani yako. Kama mfumo huu uko kituoni kwenu, jaribuni leo kuingia kwa maneno hayo mawili. Ukifunguka, badilisheni nywila kabla hamjampokea mgonjwa mwingine.