Nesi wa Zamu ya Usiku Analala Saa Ngapi?

Kuelekea saa 10 alfajiri joto la mwili wa binadamu hushuka hadi chini kabisa, na umakini hushuka nalo. Ndiyo saa ambayo nesi wa idara ya dharura anapiga hesabu ya dozi ya mtoto kwa kilo zake, huku mlangoni wakishushwa majeruhi wa bodaboda.

Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid, watafiti wa Australia, walipima utendaji wa watu walewale wakiwa wamekesha, na wakati mwingine wakiwa wamekunywa pombe. Baada ya saa 17 bila kulala, mtu alifanya kazi kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Baada ya saa 24, karibu asilimia 0.10. Dereva wa kiwango hicho akipimwa na trafiki, hafiki kwake.

Lakini kukesha ni nusu tu ya mzigo. Nusu nyingine huanza asubuhi, zamu ikishakabidhiwa. Mwanga wa jua huzima melatonini, homoni inayouarifu mwili kwamba ni usiku, kwa hiyo usingizi wa mchana huwa mfupi na mwepesi hata chumbani pakiwa kimya. Na nani ana chumba kimya? Anayetoka Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kurudi Mbagala amesimama kwenye daladala jua likimpiga usoni. Anakuta bati limeshapata moto, spika ya jirani iko juu, na mtoto anataka uji. Akijilaza, anarudiwa na sura ya mgonjwa aliyemfia mikononi. Hofu humnyima usingizi, na kwa kukosa usingizi hofu inazidi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inautambua usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kuulipia nyongeza isiyopungua asilimia 5. Sijui pazia zito la dirisha linauzwaje siku hizi, ila nashuku nyongeza hiyo hailifikii.

Kwangu, dawa iko kwa anayepanga ratiba: zamu zisogee mbele, asubuhi, jioni, ndipo usiku, siku za mapumziko ziwe za kweli, na katikati ya usiku mtu apokewe kazi, asinzie hata dakika 20. Sisi wananchi nasi tuache kumpiga picha nesi aliyefumba macho kitini na kuisambaza.